Upanga wa Mtawa ni wa Nani?

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wote waliofika, jioni njema.

Mada niliyopewa ina mwiba ndani yake, na walioichagua walijua hivyo. Watu waliomwekea Mungu nadhiri, kisha wakashika silaha kwa jina lake, walipaswa kumtii nani: serikali iliyowapa ardhi au dini iliyowapa nadhiri? Humu ukumbini tumechanganyika, Waislamu na Wakristo, na habari nitakazozieleza zina damu ya pande zote mbili. Nitapima maneno, lakini sitayapunguza.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mpate pa kunishikia. Mtawa mwenye upanga anapaswa kuitumikia dini katika kazi yake, na kusimama mbele ya hakimu wa nchi katika makosa yake. Mfalme asimwamuru ampige nani. Lakini akimuua mtu njiani, asikimbilie nyuma ya altare na kusema mimi si wa kwenu. Hayo mambo mawili watu wengi huyaona kuwa ni moja, na kwa kuyachanganya ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Nimechagua Watemplari, yaani Mashujaa wa Hekalu, na waliowarithi, kwa kuwa habari zao zinaanzia Yerusalemu na zinatufikia hapa Mombasa. Sisemi kwa kulazimisha. Mtaona.

Mwanzo wao tuupite haraka. Mnamo mwaka 1119 hivi, miaka 20 baada ya Wapiganaji wa Msalaba kuiteka Yerusalemu, shujaa mmoja wa Ufaransa aitwaye Hugues de Payens na wenzake wachache waliweka nadhiri za ufukara, useja na utii, wakajitolea kuwalinda mahujaji Wakristo katika njia ya kutoka pwani kwenda mjini. Mfalme Baldwin II akawapa makao katika Msikiti wa Al-Aqsa, ambao Wazungu wakati ule waliuita Hekalu la Sulemani. Ndipo jina lao lilipotoka. Mwaka 1129, katika mtaguso, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, uliofanyika Troyes huko Ufaransa, Kanisa liliwapa kanuni ya maisha: nyama mara tatu kwa wiki, hakuna kuwinda ila simba, hakuna kumbusu mwanamke hata akiwa mama yako mzazi, na asiyeweza kuhudhuria sala ya alfajiri aseme Baba Yetu mara 13. Mtu huyohuyo akimaliza Baba Yetu zake anavaa dirii na kupanda farasi wa vita.

Angalieni basi jinsi kamba ilivyofungwa tangu siku ya kwanza. Paa la juu ya vichwa vyao limetoka kwa mfalme. Kanuni wanayoishi kwayo imetoka kwa Kanisa. Mwaka 1139 Papa Innocent II akatoa hati iliyowaweka chini yake peke yake: askofu wa mahali hawezi kuwaadhibu, zaka hawatoi, na mfalme hawezi kuwatoza kiapo cha utii. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawa walishika mbili kwa karibu miaka 200 na hakuna iliyowaponyoka, mpaka siku zilipowaponyoka zote kwa pamoja.

Sasa niwape matukio mawili yaliyopishana kwa miaka mitano tu, chini ya mfalme mmoja. Naomba mniazime masikio hapa, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake.

Mwaka 1168 Mfalme Amalric wa Yerusalemu aliamua kuivamia Misri. Misri ilikuwa tajiri na dhaifu, mawaziri wake wakigombana wao kwa wao. Kulikuwa na kikwazo kimoja tu: Amalric mwenyewe alikuwa amekwisha kufanya mkataba na Misri, na Misri ilikuwa inalipa kodi kama ilivyoahidi. Wahospitali, lile shirika jingine la watawa wenye silaha, walikubali kwenda. Watemplari wakakataa. Hawakupeleka askari hata mmoja. Walisema neno limetolewa, na neno lililotolewa kwa Mwislamu ni neno.

Mwandishi wa tarehe wa zama hizo, Guillaume askofu mkuu wa Tiro, ambaye hakuwapenda Watemplari, anaongeza kwa jicho la pembeni kwamba huenda walikataa kwa sababu wazo lilitoka kwa wapinzani wao Wahospitali. Inawezekana. Binadamu ni binadamu. Lakini hebu tazameni kilichotokea baadaye. Jeshi la Amalric liliingia mji wa Bilbeis likachinja watu bila kuchagua, Misri ikaomba msaada kwa Nuruddin wa Shamu, na katika jeshi alilolituma alikuwemo kijana aitwaye Salahuddin. Kufika mwaka 1169 Salahuddin ni waziri wa Misri. Mwaka 1187 ameichukua Yerusalemu. Vita walivyokataa Watemplari ndivyo vilivyofungua mlango wa kuangamia kwa ufalme. Kama wangekuwa askari wa serikali, wangekwenda kama wengine, na katika baraza lote asingekuwepo mtu wa kumwambia mfalme hapana.

Tukio la pili ni la mwaka 1173. Waismaili Wanizari wa milima ya Shamu, wa madhehebu ileile ya majirani zetu Waismaili wa Mombasa na Dar es Salaam, walikuwa wakiwalipa Watemplari dinari 2,000 kila mwaka ili waachwe kwa amani. Kiongozi wao, Rashid al-Din Sinan, akamtuma mjumbe kwa Amalric kutafuta mapatano, na moja ya mambo aliyoyataka ni kufutwa kwa malipo hayo. Mfalme akakubali, akampa mjumbe wasindikizaji na hati ya usalama. Njiani, karibu na Tripoli ya Shamu, kikundi cha Watemplari kikamvizia na kumuua. Aliyewaongoza alikuwa mtawa mwenye jicho moja, Gautier du Mesnil.

Mfalme akadai akabidhiwe muuaji. Mkuu wa Shirika, Eudes de Saint-Amand, akajibu kwamba ndugu yule amekwisha kupewa kitubio, kwamba atapelekwa Roma kwa Papa, na kwamba mfalme asithubutu kumgusa. Ni jibu lilelile la mwaka 1168, sivyo? Sisi tuko chini ya Papa, wewe huna amri juu yetu. Safari hii Amalric hakungoja. Alikwenda Sidoni na watu wake, wakavunja mlango wa nyumba ya Watemplari, wakamtoa Gautier na kumtia gerezani Tiro. Mfalme alikufa mwaka uliofuata kabla ya kulifikisha shauri mbele zaidi, na dunia haikupata kujua angelimaliza vipi.

Mimi nasimama na Watemplari mwaka 1168, na nasimama na mfalme mwaka 1173. Kinga ni ileile, hati ni ileile. Mara ya kwanza iliwapa uwezo wa kukataa kuvunja ahadi. Mara ya pili iliwapa uwezo wa kumficha muuaji wa mjumbe, na msisahau kwamba kwa kumuua mjumbe walikuwa wanalinda mapato yao. Dinari 2,000 kwa mwaka si imani.

Najua yuko anayesema moyoni: ukimwambia askari aitumikie dini badala ya serikali, utapata mkereketwa. Nitamjibu kwa ushahidi wa Mwislamu. Usama bin Munqidh, amiri wa Shaizar, alizoea kwenda Yerusalemu kwa shughuli za kibalozi, na akasimulia kwamba kila alipofika Al-Aqsa, Watemplari waliokaa pale, ambao anawaita rafiki zake, walimwachia msikiti mdogo wa pembeni ili aswali. Siku moja alikuwa amekwisha kupiga takbiri, Mfaranga mmoja, yaani Mkristo wa Ulaya, akamrukia, akamgeuza uso kuelekea mashariki na kumwambia, hivi ndivyo watu wanavyosali! Watemplari wakamtoa yule mtu. Akarudi tena, wakamtoa tena, kisha wakamwomba Usama radhi: huyu ni mgeni, amefika juzi kutoka nchi za Wafaranga. Mkereketwa alikuwa msafiri wa juzi. Watawa, walioishi na nadhiri yao kila siku na majirani zao kila siku, walijua adabu. Sisemi walikuwa malaika. Hao hao ndio Salahuddin aliamuru wauawe baada ya vita vya Hattin, wao na Wahospitali, huku mateka wengi wengine akiwaacha hai, kwa sababu aliwaona ndio upanga mkali zaidi wa adui yake. Nasema tu kwamba ukereketwa na utawa si ndugu wa tumbo moja.

Kuna kisa kingine kinachochekesha. Mwaka 1250 Mfalme Louis IX wa Ufaransa alitekwa Misri. Fidia ikahesabiwa, ikapungua livre 30,000, fedha za Kifaransa za wakati ule. Melini, katika jahazi la Watemplari, yalikuwemo masanduku ya fedha zilizowekwa amana na watu mbalimbali. Jean de Joinville, mtu wa mfalme, akaenda kukopa. Kamanda wa Watemplari akakataa: tumekula kiapo kwa wenye mali, hatutoi ila kwa waliotukabidhi. Maneno makali yakaanza. Ndipo ofisa mwingine wa Watemplari, Renaud de Vichiers, akatoa ushauri ambao wakili yeyote wa hapa mjini angeuonea wivu. Akasema: kamanda anasema kweli, hatuwezi kutoa bila kuvunja kiapo, lakini wewe ukichukua kwa nguvu, hilo si letu. Joinville akashuka ngamani, akaokota shoka, akasema hili litakuwa ufunguo wa mfalme. Funguo zikatolewa mara moja. Mfalme akakombolewa, kiapo kikabaki kizima, na muda si mrefu Renaud akawa Mkuu wa Shirika.

Kisa hicho watu hukisimulia kwa kicheko, lakini ndani yake mna utaratibu wa maana. Serikali ilikuwa na haja ya kweli. Watawa hawakujifanya kuwa kiapo chao ni maneno ya hewani. Pande zote mbili zilijua mpaka uko wapi, na zikaupita kwa macho wazi.

Miaka 57 baadaye hapakuwa na aliyejali mpaka. Akka, mji mkubwa wa mwisho wa Wapiganaji wa Msalaba, ilikuwa imeanguka mwaka 1291 mikononi mwa Wamamluki, watawala wa Misri, na Watemplari hawakuwa tena na njia ya kulinda wala hujaji wa kusindikiza. Walichobaki nacho ni mali: mashamba Ulaya nzima, na huko Paris nyumba yao ndiyo iliyokuwa hazina ya mfalme wa Ufaransa. Mfalme huyo, Philip IV, alikuwa na madeni. Mwaka 1306 alikwisha kuwafukuza Wayahudi na kuchukua mali zao. Tarehe 13 Oktoba 1307, alfajiri ya Ijumaa, Watemplari wa Ufaransa walikamatwa kwa amri iliyotumwa kwa siri mwezi mmoja kabla. Wakateswa, wakakiri kumkana Kristo, wakakiri kuabudu sanamu, wakakiri lolote waliloulizwa.

Hapa ndipo wasikivu wataninasa. Mwalimu, si ulisema wasimame mbele ya hakimu wa nchi katika makosa yao? Philip si alifanya hivyo hasa?

Sivyo. Amalric alikuwa na maiti, akamtafuta muuaji. Philip alikuwa na watu aliotaka wafe, akawatafutia kosa. Mahakama aliyoimiliki mshtaki si mahakama. Tazameni mwaka 1310: mamia ya Watemplari walijitokeza mjini Paris kulitetea shirika lao mbele ya tume ya Papa, msemaji wao mmoja akiwa padri Pierre wa Bologna, mtu aliyejua sheria. Utetezi ukaanza kushika. Basi askofu mkuu wa Sens, Philippe de Marigny, ambaye ndugu yake alikuwa waziri wa mfalme, akaitisha baraza lake la kanisa kwa haraka, na tarehe 12 Mei watawa 54 wakachomwa moto nje ya mji kwa madai kwamba wamerudi nyuma katika ungamo lao. Utetezi ukaisha. Waliochomwa walihukumiwa na askofu, kwa haja ya mfalme. Ukinambia hapo serikali iko wapi na dini iko wapi, mimi sioni mshono.

Papa Clement V, mlinzi wao pekee kisheria, alilivunja shirika mwaka 1312 bila hata kulikuta na hatia rasmi. Mkuu wa mwisho, Jacques de Molay, alichomwa Machi 1314 baada ya kusimama hadharani na kukana alichokiri. Mali, isipokuwa ya Ureno na Hispania, ikaamriwa wapewe Wahospitali, mfalme akikata gharama zake kwanza.

Watu husoma kisa hiki wakahitimisha: tazama, shirika lililokataa kuwa la serikali liliuawa na serikali. Bora lingejisalimisha mapema. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tusingejua yaliyowapata waliojisalimisha. Tunayajua.

Wajerumani wa Shirika la Teutoni waliacha kubishana juu ya mfalme kwa kuwa wao wenyewe walifanyika serikali huko Prusia. Lithuania ilipobatizwa mwaka 1387 kazi yao iliisha, lakini waliendelea kupigana, sasa na Wakristo wenzao, hadi wakavunjwa mgongo katika vita vya Grunwald mwaka 1410. Mwaka 1525 Mkuu wao, Albrecht, akawa Mlutheri, akapiga goti Krakow mbele ya mfalme wa Polandi na kuinuka akiwa mtawala wa nchi ileile kwa urithi wa wanawe. Nchi ilibaki, nadhiri ilitupwa. Murabitun wa Afrika Magharibi, walioanza karne ya 11 kama wanafunzi wa Abdallah bin Yasin katika mafundisho ya dini na jihadi, nao wakawa dola lenye mji mkuu Marrakesh, na dola hilo likaangushwa mwaka 1147 na Muwahidun, waliowashutumu kwamba wameacha dini. Hizo nazitaja kwa kupita. Ninayoitaka ni ya Wareno.

Mfalme Dinis wa Ureno hakutaka kuwachoma Watemplari wake, wala hakutaka mali yao iende kwa Wahospitali. Akamshawishi Papa, na mwaka 1319 likazaliwa Shirika la Kristo: majumba yaleyale, mashamba yaleyale, msalaba mwekundu, na ngome kuu ya Tomar waliyoijenga Watemplari tangu mwaka 1160. Kwa nje ni ushindi. Shirika limeokoka! Lakini limeokolewa na mfalme, na mfalme alijua anachookoa.

Mwaka 1420 mwanamfalme Henrique, yule anayeitwa Baharia, akafanywa msimamizi wa Shirika ingawa hakuwa mtawa wake. Mapato ya Shirika yakaanza kulipia merikebu za kuteremka pwani ya Afrika Magharibi, merikebu zilizorudi na dhahabu na watumwa. Mwaka 1456 Papa Callixtus III akalipa Shirika mamlaka ya kiroho juu ya nchi zote zitakazopatikana hadi Bara Hindi. Mwaka 1496 mashujaa wake wakaruhusiwa kuoa. Mwaka 1529 Mfalme João III akawafungia waliobaki kuwa watawa wa kweli ndani ya kuta za Tomar wasali, mashujaa wakabaki nje na farasi wao. Mwaka 1551 cheo cha Mkuu wa Shirika kikaunganishwa na taji moja kwa moja. Mfalme ndiye Mkuu, Mkuu ndiye mfalme.

Hebu rudini mwaka 1168. Amalric alimwomba Mkuu aende Misri, Mkuu akasema hapana. Baada ya mwaka 1551 mfalme wa Ureno akitaka kusikia hapana kutoka kwa Mkuu wa Shirika, ingembidi ajiulize mwenyewe kwenye kioo.

Na hawa ndio waliofika hapa. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa, kisha Malindi, zikiwa na bendera ya Shirika la Kristo aliyokabidhiwa na Mfalme Manuel. Mwenyewe wakati huo alikuwa wa shirika jingine, la Santiago. Alihamia la Kristo mwaka 1507. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliipora Kilwa, na baada ya Kilwa akaichoma Mombasa. Mwaka 1593 ikaanza kujengwa Fort Jesus, kwa ramani ya Mwitaliano Cairati. Jina la Yesu, mizinga ya mfalme.

Mtoto aliyekulia katika mchanganyiko huo mnamjua: Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani wa Malindi na Mombasa, aligombana na kamanda wa ngome na akauawa mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa Jerónimo, akaozwa huko, akarudishwa miaka ya 1620 kuwa mfalme wa Mombasa mwenye jina la Kireno na utii wa Kireno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kamanda Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu, na waliokataa kuufuata, Wareno na Waafrika waliobatizwa, wanaume kwa wanawake, waliuawa. Wakatoliki wanawaita mashahidi wa Mombasa. Wengine hapa pwani humkumbuka Yusuf kama mtu aliyejikomboa. Sitawasuluhisha usiku huu. Mwaka 1632 aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akaondoka, akaishia pande za Bahari ya Shamu. Ninachotaka mkione ni kwamba watawa waliomlea walikuwa wanamfundisha sala, lakini waliompeleka Goa na waliomrudisha walikuwa wanatafuta mfalme wa kutumiwa. Sala na siasa zilikuja katika mkono mmoja, naye alipoukata, alikata vyote.

Sasa mwendapo Fort Jesus, msipite langoni kwa haraka. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno la mwaka 1639. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kamanda kwa miaka minne akiwa na umri wa miaka 27, mwaka 1635, akaijenga upya ngome ile. Linataja kazi zake: ameitiisha pwani iliyoasi pamoja na mfalme wake dhalimu, yaani Yusuf, amewatoza kodi wafalme wadogo, wa Manda akiwemo, amewaadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji yao, amewaadhibu Wamusungulo, watu wa bara nyuma ya Mombasa, na huko Pemba, kwa uamuzi wake mwenyewe, amewaua magavana walioasi na wakubwa wa mji. Kisha linataja malipo yake. Kwa utumishi huo amefanywa mwungwana wa nyumba ya mfalme, akiwa amekwisha kupewa, kwa utumishi mwingine wa kabla, uanachama wa Shirika la Kristo pamoja na reis 50,000, fedha za Kireno, kwa mwaka. Na ugavana wa Jaffna, Sri Lanka, kwa miaka sita.

Uanachama wa Shirika la Kristo umepangwa katika orodha moja na posho na ugavana. Nadhiri ya ufukara inalipwa mshahara. Watu wa Siyu, wa Pate na wa Pemba hawamo katika jiwe lile ila kama vitu vilivyoadhibiwa, na kati ya kamanda, mfalme na Shirika hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuuliza kama waliouawa Pemba walihukumiwa na mtu. Huyo mfalme, kwa taarifa yenu, alikuwa Madrid, kwa maana Ureno ilikuwa chini ya taji la Hispania tangu mwaka 1580. Mkuu wa watawa wenye upanga, mrithi wa Hugues de Payens, alikuwa Mhispania mwenye taji asiyejua Pate iko wapi.

Ndiyo maana nasema dini katika kazi, hakimu katika makosa. Shirika la Kristo lilipoteza vyote viwili siku moja: halikuwa na nadhiri ya kulizuia wala hakimu wa kulishtaki.

Mtu ataniuliza, je, kuna waliofaulu? Sijawakuta waliofaulu kikamilifu. Walio karibu ni Wahospitali, na hao nawasifu kwa mdomo mmoja tu, kwa sababu walipokuwa Malta merikebu zao ziliteka Waislamu baharini na kuwauza utumwani kwa zaidi ya karne mbili. Lakini wao walianza na hospitali Yerusalemu, kabla hawajawa na upanga, na hawakuiacha. Walifukuzwa Yerusalemu, wakafukuzwa Akka, wakafukuzwa kisiwa cha Rodo na Sultani Suleiman wa Waturuki mwaka 1522, na kila walipofika walijenga wodi. Juni 1798 Napoléon alipotia nanga Malta akielekea Misri, kanuni yao ya kutopigana na Wakristo ilikuwa moja ya sababu zilizowalegeza, na kisiwa kikaanguka kwa siku chache. Serikali yao iliishia pale. Leo makao yao yako Roma, hawana nchi wala jeshi, wana uhusiano wa kibalozi na mataifa zaidi ya 100, na kazi yao ni zahanati, magari ya wagonjwa na misaada ya maafa.

Kuna swali moja ambalo sijalijibu, na afadhali nilitaje mwenyewe kabla hamjalitupa. Kama mtawa aitumikie dini katika kazi, nani aseme dini inataka nini, ikiwa Papa mwenyewe ni mtu wa kuogopa kama Clement? Jibu langu ni kanuni iliyoandikwa, isomwayo mbele ya ndugu wote, ambayo hata Mkuu hawezi kuibadilisha peke yake. Wale mamia wa mwaka 1310 hawakuongozwa na Mkuu wao. De Molay alikuwa anayumba wakati huo. Walikuja kwa sababu waliijua kanuni yao na walijua kilichosemwa juu yao si kweli. Wanaoona jibu hilo halitoshi, na naona Sheikh pale mbele ameinua mkono kabla sijamaliza, karibuni. Kipaza sauti kiko upande wa kushoto.